Jumatatu Iliyomfaa Kila Mtu

Walimu wenzake walimwita Dada Ratiba, wala hawakumwita hivyo kwa mapenzi matupu. Ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa wa kupanga vipindi katika shule ya sekondari yenye madarasa ishirini na mawili, na hakuwahi hata mara moja kumweka mwalimu mmoja katika vyumba viwili kwa wakati mmoja. Mwalimu aliyekwenda kumbembeleza amwondolee kipindi cha mwisho cha Ijumaa alirudi na kipindi chake kile kile, na nasaha juu. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mjane, mtu wa kufika kabla ya wakati na kuwatazama waliochelewa bila kusema kitu, jambo ambalo ni baya kuliko kusema. Neno lililomkera kuliko yote ni "tutaona."

"Tutaona nini?" alikuwa akiuliza. "Siku ziko ukutani, zina namba. Chagua moja."

Kwa hiyo familia ilipohitaji siku moja, siku moja tu, ya watoto wanne wa mama mmoja kusimama pamoja mbele ya meza ya msajili wa ardhi, hakuna aliyeuliza kazi hiyo apewe nani; yeye ndiye alikuwa kifungua mimba.

Baba yao alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Nyumba aliyoijenga chumba kwa chumba, kila akipata mifuko miwili ya saruji, ilikuwa bado kwa jina lake, na mama aliishi humo peke yake. Ili hati iandikwe jina la mama, watoto wote wanne walitakiwa kutia sahihi kwamba wameridhia. Lilikuwa jambo la dakika kumi. Lakini kulikuwa na baba yao mdogo, ambaye tangu msiba alikuwa na desturi ya kuja kumsalimia shemeji yake, kisha kupima uwanja wa nyuma kwa hatua zake, mikono mgongoni, kama mtu anayenyoosha miguu tu.

Dakika kumi hizo ziliharibiwa na mtoto wa pili. Huyu aliitwa Fundi, kwa kuwa alikuwa mchomeleaji wa vyuma katika karakana ya meli nchi ya mbali. Mwaka uliotangulia alikuja likizo, akakuta fomu ya mdogo wao wa mwisho haijafika kutoka huko alikokuwa. Fundi hakutaka maneno mengi. Akasaini fomu yake, kisha akachukua nyingine tupu, akamsainia mdogo wake, juu ya meza ya mama, kwa kalamu ile ile ya kijani.

Msajili wa ardhi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliziweka fomu mbili sambamba, akazitazama, akavua miwani.

"Sahihi hizi mbili zina mkia mmoja," alisema. "Sasa nawataka wote wanne hapa, kwa miguu yao, siku moja, vitambulisho mkononi. Mwisho ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nane. Ikipita hiyo, jalada linafungwa na shauri linakwenda mahakamani, na huko kila mwenye kudai atasikilizwa."

Kila mwenye kudai. Dada Ratiba aliwaza hatua za baba mdogo uwanjani, na kilichomuuma zaidi ni kwamba msajili alikuwa na haki. Angekuwa yeye kwenye kile kiti, angesema vile vile.

"Dada, ni ndugu yangu wa tumbo moja," Fundi alijitetea kwenye simu, siku waliyozungumza wote wanne kwa pamoja. "Fomu yake ilichelewa, nikamsaidia. Kwani nimemwibia?"

"Umemwibia jina lake."

"Jina lake si analo?"

"Mimi ningetuma," alisema mdogo wao wa mwisho, ambaye nyumbani alikuwa bado Kitinda ingawa alikuwa na miaka thelathini na mitatu na kipara kimeanza. Yeye alipakia mizigo kwenye uwanja wa ndege, nchi nyingine kabisa. "Tatizo ni posta, Dada. Kila nikipata nafasi, wao wamefunga."

"Mimi nilituma mapema," alisema wa tatu, ambaye walimwita Nesi kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake, katika nyumba ya kutunzia wazee, nchi ya baridi. "Na sasa naadhibiwa pamoja nao."

"Hakuna anayeadhibiwa," alisema Dada Ratiba. "Kila mmoja aniletee sikukuu za nchi yake, mpaka mwisho wa mwaka. Zote. Jumapili jioni niwe nazo."

Jumapili jioni hakuwa nazo. Alizipata Jumatano, kwa vipande, na akagundua kwamba kuzipata kulikuwa sehemu rahisi.

Kwanza nchi ya Fundi. Huko sikukuu ikiangukia Alhamisi, karakana haifanyi kazi Ijumaa pia.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Inaitwa siku ya daraja."

"Daraja la kwenda wapi?"

"La kwenda Jumamosi, Dada."

Dada Ratiba alilifikiria taifa zima la watu wazima lililokubaliana kula Ijumaa mchana kweupe na kuipa jina la ujenzi. Lakini sikukuu hiyo hiyo ikiangukia Jumamosi, nchi hiyo hiyo haikufidia kitu. Imekufa, imezikwa, watu wanangoja mwakani.

Nchi ya Nesi ilikuwa kinyume. Huko sikukuu iliyoangukia mwisho wa juma ilihamia Jumatatu kwa sheria, na zilikuwepo sikukuu nyingine ambazo hazikuwa na tarehe kabisa, zilikuwa Jumatatu tu, Jumatatu fulani ya mwezi fulani.

"Basi wewe ni rahisi," alisema dada yake.

"Rahisi kwa watu wa ofisini. Wazee hawana sikukuu, Dada. Sikukuu ndiyo siku wanayohitaji zaidi kuogeshwa, maana watoto wao wanakuja kuwaona. Sisi tunapiga kura nani apumzike."

"Mwaka huu umeshapiga?"

"Nimeshinda moja. Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa nane. Sikukuu nyingine usinipangie, sina; siku ya kawaida labda nibadilishane zamu."

Na nchi ya Kitinda ilikuwa mtihani peke yake. Huko mapumziko ya juma yalikuwa Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili watu wako kazini tangu alfajiri. Kila alipompigia simu Jumapili, Kitinda alijibu kwa sauti ya chini huku ndege inanguruma nyuma yake. Tena baadhi ya sikukuu zao hazikuwa kwenye kalenda.

"Zinatangazwa," alieleza.

"Na nani?"

"Na redio."

"Lini?"

"Zikitangazwa, Dada."

Alikata simu, akaenda dukani akanunua karatasi tatu kubwa za manila, kalamu za rangi na selotepu pana. Aliziunganisha ziwe karatasi moja ndefu kama shuka, akachora safu tatu, nchi moja moja, na mistari ya siku kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi na mbili. Nyekundu ni kazi, kijani ni mapumziko, manjano ni "inategemea." Manjano aliichukia kwa dhati. Safu ya nne hakuichora. Ya nini? Yeye na mama walikuwa hapa hapa.

Karatasi ile haikutosha kwenye ukuta wake, ambao ulikuwa na dirisha katikati. Kwa hiyo aliipeleka kwa mama, mitaa miwili kutoka kwake, akaibandika sebuleni karibu na mlango wa jikoni. Alikuwa juu ya kiti, selotepu mdomoni, mama aliposema kutoka nyuma yake:

"Mwanangu, hapo unapobandika..."

"Haitaharibu rangi, mama. Nitaibandua taratibu."

"Sisemi rangi."

"Mama, niachie mimi. Tafadhali."

Mama alikuwa na miaka sabini na sita, na katika maisha yake alishajifunza wakati gani wa kuongea na mtu aliye juu ya kiti. Akarudi jikoni.

Kuanzia hapo Dada Ratiba alionja joto ya jiwe. Alipata Alhamisi ya mwezi wa sita. Fundi alikuwa huru, Nesi angeweza kubadilishana zamu, Kitinda akaomba ruhusa, akapewa. Siku tisa kabla ya siku yenyewe, nchi ya Kitinda ikatangaza sikukuu juma hilo hilo, na ruhusa zote zikafutwa, kwa kuwa sikukuu maana yake ni abiria, na abiria maana yake ni mizigo.

"Yaani mmepewa mapumziko, kwa hiyo hampumziki," alisema dada yake.

"Ndivyo."

"Na hilo linakuingia akilini?"

"Mimi napakia tu, Dada."

Akapata Jumanne ya mwezi wa saba. Safari hii ni Fundi. Karakana yao ilikuwa na meli iliyotakiwa kuondoka kabla ya daraja fulani, na kila aliyeomba likizo juma hilo aliambiwa achague kati ya likizo na kazi.

"Basi tumia daraja lenyewe," alisema Dada Ratiba.

"Daraja Kitinda yuko kazini."

"Nesi?"

"Nesi amelala," alisema Fundi. "Yule kila nikimpigia amelala. Hivi huko usiku wao ni wa saa ngapi?"

Walimu wenzake waliona amebadilika. Mwezi wa saba ratiba ya mitihani ilitoka na kosa moja, dogo, la chumba, na mkuu wa shule alilirekebisha mwenyewe kwa kalamu bila kumwambia, kwa heshima. Dada Ratiba aliliona. Hakulala vizuri juma zima. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba kalenda ni ahadi, na kwamba anayecheza na kalenda anacheza na maisha ya watu. Na sasa alikuwa amekaa mbele ya mataifa matatu yenye majeshi, bendera na mabunge, na hakuna hata moja lililoweza kumwambia kwa uhakika Jumatano ni siku gani.

Kisha akaiona. Alikuwa kwa mama, amesimama mbele ya karatasi, rula mkononi. Jumatatu ya tarehe ishirini na sita, mwezi wa nane. Kwa Nesi ilikuwa ile Jumatatu yake ya kura. Kwa Fundi karakana ilikuwa imetangaza juzi tu kwamba ingefunga juma hilo zima kwa usafi wa mwaka. Kwa Kitinda, Jumapili na Jumatatu zilikuwa sikukuu za tarehe, zilizochapishwa, si za redio, zikiungana na Ijumaa na Jumamosi yao kuwa siku nne kamili, na safari hii zamu ya mizigo ilikuwa ya wengine. Safu tatu, kijani, kijani, kijani. Na ilikuwa bado siku nne kabla ya ile Ijumaa ya msajili.

Aliizungushia duara mara tatu.

"Mama, nimeipata."

Mama alikuja akifuta mikono, akasoma tarehe. "Jumatatu hiyo umeiangalia vizuri?"

"Mama, nimeiangalia kwa wiki kumi na mbili."

"Haya," alisema mama. Akasimama kidogo, kana kwamba ana la kuongeza. "Watakuja wote watatu?"

"Wote watatu."

"Haya," alisema tena mama, na safari hii alitabasamu.

Wakaja. Fundi na Kitinda Ijumaa, Nesi Jumamosi mchana, macho yamevimba. Mama hakukaa chini siku mbili. Walilala watatu katika chumba kimoja kama zamani, Fundi akikoroma na Kitinda akimrushia mto, na Jumapili nzima hawakutoka nyumbani. Dada Ratiba alikagua vitambulisho vinne, picha ndogo nane, cheti cha kifo, fomu mpya, na kalamu nne za wino mweusi, kila mtu yake.

"Hata kalamu, Dada?" alisema Fundi.

"Wewe hasa."

Jumatatu saa moja na dakika hamsini asubuhi walikuwa mbele ya lango la ofisi ya ardhi, wote watano, mama kavaa nguo yake nzuri. Lango lilikuwa na mnyororo. Ndani yake mlinzi alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya chungwa, redio ndogo miguuni.

"Mnamtafuta nani?"

"Msajili," alisema Dada Ratiba. "Tuko mapema, tutangoja."

Mlinzi aliwatazama mmoja mmoja, kisha akatazama chungwa lake, kama mtu anayependa kuwapa watu muda. "Leo ni sikukuu, mwalimu."

"Sikukuu ilikuwa jana."

"Jana ilikuwa Jumapili. Ikiangukia Jumapili, watu wanapumzika Jumatatu. Si ndiyo sheria?"

Ndiyo ilikuwa sheria. Aliijua tangu akiwa mwanafunzi. Alikuwa amemweleza Fundi sheria hiyo hiyo ya nchi ya Nesi, kwa mifano. Lakini shule zilikuwa zimefungwa, na mwalimu akiwa likizo siku zote ni moja. Hakuna kengele, hakuna tangazo la mkuu wa shule, hakuna mtu wa kumwambia kesho usije. Na kwa wiki kumi na mbili alikuwa ametafuta, kwa rula, kwa rangi, kwa kukesha roho juu, siku ambayo kila mtu amepumzika, kwa shughuli iliyohitaji mtu mmoja awe kazini.

Fundi ndiye aliyeanza. Alijaribu kujizuia, akageukia ukuta, mabega yakatetemeka. "Dada," alisema alipopata pumzi, "umepata siku ambayo dunia nzima imefunga. Hakuna mwingine angeweza."

"Nyamaza," alisema Nesi. "Ndege yangu ni usiku wa leo."

"Na yangu," alisema Kitinda.

Dada Ratiba alimgeukia mama. Kuna kitu alichokumbuka. "Ulijua?"

"Nilitaka kukuambia siku ile unabandika," alisema mama. "Ile karatasi yako umeibandika juu ya kalenda yangu, ile ya duka la dawa. Siku za kupumzika zimeandikwa kwa nyekundu. Ukasema nikuachie."

"Na siku niliyokuonyesha tarehe? Siku ile mbona hukusema?"

Mama alirekebisha mkoba wake begani. "Siku ile," alisema, "nilikuuliza kama watakuja wote, ukasema wote. Nikaona, basi, waje kwanza."

Mlinzi aliwapitishia vipande vya chungwa kati ya nondo za lango.

Njiani kurudi Fundi alikuwa ameshapona kicheko na ameanza kutafuta njia, kama kawaida yake. Alisema msajili anakaa nyuma ya soko, kila mtu anajua. Waende na fomu, wamkute kwake, wasiende mikono mitupu.

"Ukifika utamwambia nini?" aliuliza Dada Ratiba.

"Nitaanza na shikamoo."

"Halafu?"

"Halafu tutaona."

Alisimama katikati ya barabara, wakasimama wote. "Kalamu yako ndiyo imetufikisha kwenye lile lango. Mama anakaa roho juu kwa mwaka mzima kwa sababu uliona dakika tano zako ni ghali kuliko jina la mwenzako. Sasa unataka twende tukamwambie mwanamke yule pekee aliyekataa udanganyifu wetu kwamba tumemletea mwingine nyumbani kwake?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Nimesikia, Dada."

"Na mimi pia nimekosea," alisema, na neno hilo lilitoka kwa taabu, kama kabati linalosukumwa mlangoni. "Nimekosea mimi. Mama alisema mara mbili, sikusikiliza. Hati ile itasainiwa kesho saa mbili na sote wanne, au haitasainiwa. Siwezi kumwamuru mtu abaki. Amueni wenyewe."

Nyumbani walianza kupiga simu, na hapo ndipo ile Jumatatu ilipowaonyesha meno yake yote. Nesi alipiga kwa matroni, akapokelewa na sauti ya mashine: ofisi imefungwa kwa sikukuu. Kitinda alipiga kwa msimamizi wake wa mizigo. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga ofisi ya vibali vya likizo: tunawatakia mapumziko mema. Dada Ratiba alipiga kwa shirika la ndege, akasikiliza muziki kwa dakika ishirini na sita, kisha muziki wenyewe ukakatika. Nchi nne, na hakuna mtu mzima hata mmoja wa kuomba ruhusa.

"Mwandikie msimamizi unaumwa tumbo," Fundi alimwambia Kitinda, kisha akamwona Dada Ratiba. "Nimenyamaza."

"Hata isingefaa," alisema Kitinda. "Kila baada ya sikukuu nusu ya watu wanaumwa tumbo. Msimamizi ana daftari la matumbo." Alikaa na simu mkononi muda mrefu. Kwake kukosa zamu bila ruhusa kulikuwa kumwaga unga. Alishaona watu wawili wakirudishwa kwao kwa siku moja. Mwishowe aliandika ukweli, mistari minne: mama yake, nyumba, sahihi, kosa la tarehe. Akautuma, akaiweka simu kifudifudi juu ya meza.

Nesi alikuwa na jambo zito zaidi, na dada yake alilijua. Si kazi tu. Wazee kumi na moja wa ghorofa ya pili wangeamka Jumatano alfajiri wakingoja mtu wa kuwageuza na kuwaogesha, na mtu huyo alikuwa yeye. Hakutaka kuwaacha kwa ajili ya karatasi, hata karatasi ya mama. Akampigia mwenzake wa zamu, si ofisini, kwake nyumbani. Walimsikia akizungumza lugha ya huko kwa sauti ya kubembeleza, kisha ya kukubali.

"Atanishikia," alisema alipomaliza.

"Bure?" aliuliza Fundi.

"Kwa sikukuu zangu zote mpaka mwezi wa nane mwakani. Nikishinda kura, ni yake."

Mama alikuwa mlangoni. Alisikia. Akarudi jikoni, na kwa muda hawakusikia sufuria.

Alasiri walikwenda uwanja wa ndege, kwa kuwa hapo tu ndipo palipokuwa na binadamu kazini. Binti wa kaunta aliwapatia nafasi, Nesi usiku wa Jumanne, Kitinda Jumatano. Tofauti ya nauli Fundi aliilipa ya wote wawili kabla hajaambiwa, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakufanya mzaha juu yake.

Jumanne saa mbili kamili lango lilikuwa wazi. Msajili aliwapanga kwa umri. Alitazama kitambulisho, akatazama uso, akatazama mkono unapoandika. Alipofika kwa Fundi alisogeza kiti chake karibu kabisa, akaitazama kalamu mpaka ilipoinuka, na Fundi alitokwa na jasho kama yuko ndani ya tangi la meli. Kisha Kitinda akatia yake, fupi, isiyo na mkia.

"Kumbe ndiyo hii," alisema msajili. Akagonga muhuri. "Mama, hati yako Alhamisi ijayo. Mngekuja jana mngenikosa."

"Tunajua," alisema Dada Ratiba.

Ilikuwa imechukua dakika kumi na moja. Walipotoka, simu ya Kitinda ililia. Aliusoma ujumbe mara mbili kabla ya kuwasomea: Alhamisi alfajiri uwe kazini. Sikukuu zote mpaka mwisho wa mwaka ujao uko zamu. Hakukuwa na salamu juu wala chini.

"Umeponea tundu la sindano," alisema Fundi, na akamshika mdogo wake bega, akaacha mkono wake pale mpaka walipofika nyumbani.

Alhamisi jioni, wote wameondoka, Dada Ratiba alikwenda kwa mama kuibandua karatasi. Kabla ya kuibandua alichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya kila kijani kilichobaki cha Nesi, kisha cha Kitinda. Haikumchukua muda. Mama alikuwa amekaa akimtazama.

"Kwa hiyo mwakani hakuna," alisema mama.

"Mwakani kuna Fundi. Na mimi nipo, mama."

"Wewe upo. Lakini ukiwa juu ya kiti husikii."

Dada Ratiba alishuka kwenye kiti. Akavuta selotepu taratibu, kama alivyoahidi, na karatasi ikaja, na nyuma yake ikatokea kalenda ya duka la dawa, ndogo, imekunjamana, na tarehe ishirini na sita ni nyekundu kama pilipili. Na pamoja na selotepu, pande zote nne, ikaja rangi ya ukuta, vipande virefu, mpaka chini kwenye plasta.

"Nilisema sisemi rangi," alisema mama. "Sasa nasema."

"Nitaipaka."

"Lini?"

Dada Ratiba alifungua kinywa, na neno lililokuwa tayari limefika kwenye meno lilimshtua mwenyewe. Akalimeza.

"Jumamosi," alisema. "Saa tatu asubuhi."

Kisha akasogea ukutani, akainama mbele ya ile kalenda ndogo, akaweka kidole juu ya Jumamosi kuitazama imeandikwa kwa rangi gani.